Keki ya shira ya bibi haihitaji krimu

Ntasema wazi tu, sisi watu wa Kusini mwa Tanzania tunaitupa keki yetu wenyewe na hakuna aliyetulazimisha. Mi mtoto wa Lindi, nimekulia Mtwara, sasa naishi Leeds huku Uingereza, na kadri ninavyokaa huku ndo navyozidi kuumia nikiona picha za sherehe za nyumbani, keki ghorofa tatu, krimu rangi ya bluu, maua ya sukari, afu ile keki ya shira ambayo imetulea wote haipo hata mezani.

Huku Yorkshire wana keki yao inaitwa parkin. Ukiiona hutoipa hata macho, bapa, rangi ya udongo, haina pambo lolote, inakatwa vipande vya mraba basi. Inatengenezwa kwa oti, ile nafaka ya uji, zilizosagwa, unga wa ngano, tangawizi, siagi, na shira za aina mbili, moja ya dhahabu na nyingine nyeusi tii nzito inayotokana na masalia ya kusafisha sukari. Wanaila sana mwanzoni mwa Novemba, maana tarehe 5 wanawasha mioto na kupiga fataki kukumbuka watu waliotaka kulipua bunge lao mwaka 1605. Sasa kazini kwetu msimu huo ukifika mtu anakuja na bati lake la zamani, limechubuka rangi, kafungia parkin ya bibi yake humo ndani, na watu wanamzunguka kabisa, wanamuuliza vipimo, mwingine anabisha anasema kwao hawatii yai, yani mjadala mzito watu wazima na kazi zao wamesimama. Hakuna anayesema hii ya kizamani. Uzamani wenyewe ndo sifa yake.

Hata lile kopo la shira ya dhahabu, Lyle's, lipo vile vile na mchoro wake wa simba aliyekufa na nyuki wanamzunguka, kijani na dhahabu, tangu miaka ya 1880. Na nikwambie kitu kilichonifurahisha, ile shira haigandi kuwa chengachenga kwa sababu sukari imechemshwa na tindikali kidogo ikavunjikavunjika, sasa si ndo hicho hicho bibi alichokuwa anafanya na ndimu yake? Usipokamulia ndimu kwenye shira ya visheti ikipoa inarudi kuwa sukari, kila mama wa pwani anajua hilo bila kwenda kiwandani.

Ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa hivi. Anachukua sukari guru anaiparuza vikombe viwili, anaiyeyusha na maji nusu kikombe, tangawizi ya kutwanga, hiliki, anaacha ichemke huku anaitazama, haondoki hapo hata ukimwita. Akitaka kujua imefika anadondoshea tone kwenye sahani, anapuliza, analigusa kwa kidole cha shahada na gumba, akivua vidole ukionekana uzi mmoja mwembamba anaepua, anakamulia ndimu. Inapozwa kwanza, maana ukimimina ya moto mayai yanaiva humo humo. Mayai matatu, samli nusu kikombe, tui zito kikombe kimoja, unga vikombe vitatu na soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai. Basi. Sufuria inapakwa samli inawekwa ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, chini makaa machache, juu sinia la bati limepaliwa moto mwingi wa vifuu vya nazi, na hapo ndo pana ufundi wote, moto wa juu uushinde wa chini, ukikosea inaungua kitako na katikati bado uji. Korosho alikuwa anazivunja kwa kinu anazimwagia juu kabla hajafunika, korosho za kwetu zile zilizobanguliwa kwa mkono zinakuja na vipande vipande, bei yake ya chini na utamu wake ule ule.

Watu wanadhani hizi keki za shira ni za kimaskini na ni kweli zimekua kwenye shida, ila shida hiyo hata Wazungu wameipitia. Jirani yangu hapa mama mtu mzima sana ananisimulia mama yake alivyokuwa anaoka kipindi cha mgao, maana huku sukari ilikuwa ya mgao toka 1940 mpaka 1953, vita imeisha 1945 bado watu wanapimiwa. Mafuta nayo hayatoshi, ndo wakaja kwetu mwaka 1947 na ule mradi wao wa karanga, Nachingwea ikawemo, bandari ya Mtwara na reli ya kupanda Nachingwea vikajengwa kwa ajili hiyo, na 1951 mradi ukawa umekufa. Nikamwambia yule mama, kumbe wakati nyie mnatafuta mafuta ya kuokea, mashamba yake yalikuwa kwetu. Alinyamaza, afu akaniongeza kipande. Na sisi baada ya vita ya Kagera si tulikaa bila sukari, foleni dukani, hiyo sukari guru ndo ikaokoa chai na keki pia. Hata mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika na bei kupaa, waliokuwa wanajua kuyeyusha guru hawakuhangaika sana.

Tofauti ni kwamba wao wametoka kwenye shida wakaibeba keki yao, sisi tumetoka tukaiona aibu. Mwaka jana mtoto wa dada yangu mkubwa anatimiza miaka, Mtwara, nikapiga simu ya video nikamwambia dada, muokee ile ya bibi. Akaniambia mdogo wangu usitutie aibu, wageni watatuonaje. Keki ikaagizwa kwa mtu, hela nzuri tu, na joto la Mtwara mnalijua, wakati wa kulishana krimu imeshaanza kushuka, mtoto analishwa rangi, vipande vingi vikabaki kwenye sahani watoto wamelamba juu wameacha ngano. Simlaumu dada, na wala siwalaumu wadada wanaooka hizo keki, ni biashara halali na wengine wana mikono kweli kweli. Ninachokataa ni kwamba lazima hii iingie ndipo ile itoke.

Na msinielewe vibaya kwamba huku ndo wamepatia kila kitu. Parkin wanaifungia kwenye bati siku kadhaa kabla ya kula, wenyewe wanasema inalainika na kunata vizuri, na ni kweli kabisa shira inavuta unyevu. Lakini mi naona pia inakaa kwa sababu hakuna wa kuja kuila! Mtu na mumewe na mlango umefungwa. Kwetu hujui keki ya shira ya siku ya pili ina ladha gani maana haijawahi kufika, kabla ya magharibi sahani zimeshafunikwa kawa watoto wanatumwa kwa mama fulani, kwa shangazi, kwa yule mzee wa msikitini, na sahani hairudi tupu, inarudi na muhogo au samaki wa kukaanga. Hapa Leeds nimeioka ya bibi kwenye oveni, tui la kopo, korosho za paketi ghali balaa na huenda zimetoka huko huko kwetu, imetoka nzuri, tatizo nimebaki naitazama mwenyewe.

Kwa hiyo nyie mlioko huko, mnaopata nazi ya kukuna asubuhi na korosho ya mtaani na majirani wa kupelekea, fanyeni keki zote mbili mezani kama lazima ya krimu iwepo. Na bibi zenu ambao bado wapo kaeni nao jikoni mwandike vipimo, huku kila nyumba ina kadaftari kamechafuka mafuta, sisi tunategemea kukumbuka. Ya mtoto wa dada mwaka huu nimeshatuma hela ya mayai, samli na sukari guru, dada kakubali kuipika, kasema ila na ya krimu ataagiza ndogo. Sawa tu.