Cajun na zydeco katika bendi moja: undugu wa damu au wa bango?

Mwaka 2011 waandaaji wa tuzo za Grammy walipunguza vipengele kutoka 109 hadi 78. Miongoni mwa vilivyokatwa ni cha albamu bora ya zydeco au Cajun, muziki wa dansi wa watu wa Louisiana, Marekani, wenye mizizi ya Kifaransa: Cajun ya wazungu, zydeco ya weusi waitwao Wakrioli. Kilikuwa kimetolewa kwa miaka minne tu. Tangu hapo muziki huo umetiwa kapu moja na polka, muziki wa Hawaii na mingine ya kimaeneo. Wanamuziki wa Louisiana walilalamika, na walikuwa na haki. Ila hata kipengele kilichofutwa kilikuwa kapu vilevile, dogo zaidi. Bendi nyingi, hasa nje ya Louisiana, hulibeba kapu hilo kwenye mabango yao: "Cajun na zydeco", kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Anayetetea bendi mseto, zinazopiga zote mbili, ana historia upande wake. Desemba 1929, Amédé Ardoin, mpiga kodiani Mkrioli mweusi, alirekodi New Orleans pamoja na Dennis McGee, mpiga fidla mzungu wa jamii ya Cajun, wale wenye asili ya Wafaransa wa Acadia waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755 kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia. Nyimbo za wawili hao zingali zinapigwa na bendi za Cajun. Iry LeJeune, aliyeirudishia kodiani heshima yake katika dansi za Cajun mwishoni mwa miaka ya 1940, alijifunza mengi kwenye sahani za Ardoin. Shina ni moja, hilo halina ubishi.

Lakini undugu huo ulikuwa wa jukwaani. Ukumbini, weusi na weupe hawakucheza pamoja. Ardoin alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville mwaka 1942, na masimulizi ya kwao yanasema wazungu walimpiga vibaya baada ya kupokea leso ya msichana mweupe ajipanguse jasho. Ndiyo maana Wakrioli wengine hukereka zydeco inapouzwa kama "Cajun yenye moto zaidi". Neno zydeco lenyewe wengi hulinasibisha na msemo wa Kifaransa cha huko kuhusu maharage yasiyotiwa chumvi, yaani shida za nyumbani. Bendi inayotumia majina yote mawili bila kumtaja Mkrioli hata mmoja inachukua mali bila kumjua mwenyewe.

Hoja nzito zaidi dhidi ya mseto, kwa maoni yetu, imo ndani ya vyombo. Kodiani ya Cajun ina safu moja ya vibonyezo 10 kwa mkono wa kulia, na viwili tu kwa wa kushoto. Kila kibonyezo kina nota mbili: moja ukisukuma mvukuto, nyingine ukivuta. Kwenye kodiani ya ufunguo wa C, kusukuma kunakupa C, E na G. Kuvuta kunakupa D, F, A na B. Hakuna E wala B iliyoshushwa nusu hatua, na hizo ndizo nota za blues, muziki wa weusi wa Marekani ambao zydeco inauegemea. Mpigaji mjanja huicheza kodiani hiyohiyo katika G, ambako F yake inaleta ladha ya blues, na ujanja wake unaishia hapo. Clifton Chenier wa Opelousas (1925–1987) alishika kodiani ya piano, yenye nusu hatua zote, na zydeco tunayoijua ikapata mwendo wake.

Kisha kuna upimaji wa sauti. Mafundi wengi wa kodiani za Cajun huishusha E ya kodiani ya C kwa takriban senti 14 (nusu hatua moja ni senti 100), ili nota tatu zikilia pamoja zisitetemeke. Inapendeza sana na fidla. Mpiga gitaa aliyepima nyuzi zake kwa kifaa cha elektroniki akiitia E yake juu, hapo panasikika ukakasi ambao wasikilizaji huudhani ni kodiani mbovu. Dawa ni gitaa na kinanda kuiacha nota ya tatu (hapa E) na kubaki na ya kwanza na ya tano (C na G). Fidla nayo hushushwa hatua nzima, nyuzi zikawa F, C, G, D, ili vidole vya D vitoe C. Wimbo unaofuata ukiwa wa zydeco katika A, mpiga fidla huyo anapotea, isipokuwa ana fidla ya pili kando.

Mdundo nao hauhamishiki hivihivi. Cajun huendeshwa na pembetatu ya chuma, zamani ikikunjwa kutoka meno ya reki za nyasi; aliyewahi kusikia karing'aring'a ikiisindikiza kodiani ya mwomboko kule Kenya ataelewa kazi yake mara moja. Zydeco ina fulana ya bati lenye mawimbi, aliyoibuni Chenier mwaka 1946 na kuundiwa na Willie Landry huko Port Arthur, Texas, ikikwaruzwa kwa vifungulio vya chupa. Ni chombo chenye kelele. Mpiga dramu asipopunguza matoazi, fidla haisikiki tena, na fundi mitambo akiiongeza inaanza kupiga mluzi.

Wanaotetea mseto watasema soko haliruhusu vinginevyo, na ni kweli: mwandaaji wa tamasha huko Chicago au London hawezi kulipia bendi mbili za watu sita. Basi bendi ilipe gharama ya jina lake: kodiani mbili, fidla mbili, na mpiga dramu anayejua kwamba mguu wake kwenye zydeco hautulii kama kwenye valsi. Ipange nyimbo kwa mafungu ya tatu au nne za aina moja. Wachezaji wa valsi ya Cajun huzunguka ukumbi kinyume cha saa, wa zydeco hukunja magoti na kubaki palepale. Ukibadilisha kila wimbo, wanaozunguka watawagonga waliosimama.