Robo karatasi na alama 30

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: −3 − 5. Kidato cha Kwanza, wanafunzi sitini na ushei, kila mmoja na robo karatasi, dakika mbili, jina lisiandikwe. Mwalimu akazipanga mezani mafungu matatu. La 2 lilikuwa dogo, la −8 la wastani. Kubwa kuliko yote lilikuwa la 8, na ukiwauliza wenyewe, sababu wanayo: "Hasi na hasi ni chanya." Kanuni ya kuzidisha wameihamishia kwenye kutoa.

Jaribio la mwisho wa mwezi lingewapa watoto hao alama na nafasi darasani, basi. Kosa limetokea wapi, lisingesema. Hapo wanaotetea upimaji wa njia mbalimbali (maswali ya papo kwa papo, kazi za vikundi, mwanafunzi kueleza njia yake ubaoni, miradi) wana hoja nzito. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walipitia machapisho takriban 250, wakaona kwamba upimaji unaoenda sambamba na ufundishaji huinua ufaulu, hasa wa wanafunzi walio nyuma. Tanzania, ambako ufaulu wa Hisabati Kidato cha Nne umekuwa chini ya asilimia 30 kwa miaka mingi, haiwezi kulipita hilo kimyakimya.

Lakini mwalimu mwenye mikondo mitano ana madaftari 300 ya kusahihisha. Mwongezee miradi na majalada ya kazi, uone kama hatapika alama. Na miradi yenyewe tunaijua: bango la pembetatu lenye rangi nzuri, limechorwa na dada mtu nyumbani.

Kuna na suala la lugha, ambalo nashangaa halizungumzwi vya kutosha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote, leo anasimamishwa ubaoni aeleze njia yake kwa Kiingereza. Akinyamaza, tumepima nini? Jaribio la kuandika namba tupu, pamoja na ubutu wake wote, linamtendea haki zaidi mtoto huyo. Mimi ningemwacha aeleze kwa Kiswahili, waraka useme utakavyo.

Hata hivyo, kinachoniondolea imani zaidi ni alama. Katika matokeo ya Kidato cha Nne, asilimia 30 hutoka kwenye alama za maendeleo zinazokusanywa shuleni, kwa hiyo kila kinachopimwa shuleni huvutwa kuelekea kwenye fomu ya alama hizo. Ruth Butler alionyesha mwaka 1988, kwa wanafunzi wa Israel, kwamba waliopewa maoni peke yake walipiga hatua. Waliopewa maoni pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Mtoto akiona 4/10 haendelei kusoma kilichoandikwa chini yake. Ukizigeuza njia tano za kupima kuwa safu tano za alama, umeongeza mitihani mitano.

Yule mwalimu wa robo karatasi aliingia kesho yake akachora mstari wa namba, akamsimamisha mwanafunzi kwenye −3 na kumwambia arudi nyuma hatua tano. Mada mpya ikasubiri. Hakuna alama iliyoandikwa popote, na mthibiti ubora wa shule (mkaguzi) angepita siku ile angekuta andalio la somo halijafuatwa.