Shingo Yangu Imekuwa Mali ya Umma

Jamani, uzee hapa Mtwara hauna faragha. Tangu shingo yangu iote vinyama, kila anayeketi nami barazani anaikodolea macho kuliko bei ya mnada wa korosho. Mjukuu nikimpakata, anavivuta: "Babu, hiki kitaanguka lini?" Kinyozi naye anapitisha mashine kwa kusitasita, halafu anataka nimwongeze hela. Ya nini? Ya kunikwaruza?

Na washauri sasa! Mmoja: "Njomba, funga uzi, kitakauka." Mwingine anashauri wembe. Shemeji yangu, mbangua korosho tangu usichana wake, kaniletea mafuta ya maganda ya korosho ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Mafuta yaleyale yanayowababua wabanguaji vidole! "Paka usiku, shemeji, asubuhi huvioni." Sawa, na shingo je, nitaiona?

Mashavuni nina vidoti vyeusi, hivyo ni urithi wa marehemu mama, sina neno. Ila mgongoni yameota madoa ya kahawia yenye kukwaruza, utadhani nimedondoshewa nta ya mshumaa. Mama watoto kuyaona tu, akaninyima taulo, eti nitamwambukiza. Taulo nililonunua mimi!

Nikaenda hospitali, shati la Ijumaa mwilini, tayari kupokea jina zito la ugonjwa nije nionewe huruma. Daktari, kijana mdogo, akanigeuzageuza. "Mzee, hivi si saratani, wala haviambukizi. Ni umri tu." Umri tu! Nimekaa foleni tangu alfajiri kuambiwa kitu ambacho kitambulisho cha taifa kinakisema bure.

Vya shingoni, akasema, huota pale ngozi inaposuguana, na wenye kitambi au sukari huwa navyo zaidi. Akakitazama kitambi changu bila hata kuomba radhi, akaandika nipimwe sukari. Nimepeleka shingo, wakatoboa kidole!

Kuviondoa? Vinagandishwa au vinachomwa, lakini ngozi nyeusi huweza kubaki na mabaka. Uzi, wembe na mafuta ya shemeji akavipiga marufuku vyote. Nirudi haraka endapo kimoja kitabadilika rangi, kitakua upesi au kutoa damu, au nikiona doa jeusi jipya unyayoni. Hapo hakutabasamu, nami nikanyamaza.

Nyumbani nikatangaza kwa sauti ya mshindi: haviambukizi, daktari kasema, naomba taulo langu. Mama watoto akanyoosha kidole mlangoni. Limeshakuwa dekio.