Muziki Ufuate Moyo au Miguu?

Barabara ya kutoka Moshi mjini kupanda Mweka inafaa sana kupimia ahadi ya watengenezaji wa saa janja. Waliokimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro wanaijua vizuri. Unatoka uwanja wa Ushirika, tambarare haidumu, kisha mlima unaanza na hauachi upesi. Hapo moyo unapanda huku hatua zikifupika. Ukigeuza kurudi mjini, kila kitu kinageuka: moyo unatulia, miguu inajikimbilia yenyewe. Ahadi yenyewe ni kwamba saa itasoma mapigo yako, simu itachagua wimbo wenye mdundo unaolingana nayo, na kila moyo utakapobadilika wimbo nao utabadilika. Sasa pale mlimani, moyo na miguu vinapoachana, muziki ufuate kipi?

Nauliza kwa sababu wanaovutiwa na saa hizi si wanariadha peke yao. Ni wafanyakazi wa ofisini wanaofanya jogingi Njiro, Arusha, baada ya kazi, na watu wazima wa Sakina, mtaa mwingine wa Arusha, walioambiwa na daktari watembee kila siku kwa ajili ya presha au sukari. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kifaa kinamjua moyo wake, anakiamini. Ni haki yake kujua kinachomjua kweli na kinachokisia.

Wazo la kuoanisha moyo na muziki ni la zamani. Herophilus, tabibu wa Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyaeleza mapigo ya mshipa kwa lugha ya mizani ya muziki na kuyapima kwa saa ya maji. Mwaka 1752 mwalimu wa filimbi wa Kijerumani, Johann Joachim Quantz, aliwafundisha wanamuziki kukadiria kasi ya wimbo kwa mapigo ya mkono wa mtu mwenye afya, takriban 80 kwa dakika. Metronomu ya Maelzel, kifaa cha kupigia mdundo kwa kasi maalumu, ilikuja baadaye, mwaka 1815. Kwa hiyo zamani moyo ndio uliokuwa kipimo cha muziki. Teknolojia ya leo inataka muziki uutumikie moyo, na imejaribiwa mara kadhaa. Yamaha ya Japani iliwahi kuuza kicheza muziki kilichoitwa BODiBEAT, chenye klipu ya sikioni ya kusoma mapigo. Mwaka 2015 Spotify ilileta huduma ya wakimbiaji, lakini yenyewe ilihesabu hatua kwa vitambuzi vya simu wala haikuushughulikia moyo. Mwaka 2018 iliiondoa.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito, na sitazipunguza. Muziki unaufanyia mwili kazi inayopimika. Mwaka 2006 watafiti wa Pavia, Italia, wakiongozwa na Luciano Bernardi, waliwasikilizisha muziki watu 24, nusu yao wakiwa wanamuziki. Mdundo ulipokuwa wa haraka, pumzi, presha na mapigo ya moyo vilipanda. Walipokatiza muziki kwa dakika mbili tu, mapigo na presha vilishuka hata chini ya pale vilipoanzia. Na hao walikuwa wametulia, hawakuwa wakikimbia. Uingereza nako, Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012, yeye na wenzake waliona kwamba waendesha baiskeli waliokwenda sawasawa na mdundo walitumia oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 7 kuliko pale muziki ulipokuwa wa polepole kuliko miguu yao. Kwa mtu anayepanda Mweka, asilimia 7 ya pumzi si kitu kidogo.

Hoja yao inayonigusa zaidi inamhusu anayeanza. Kosa la kila anayeanza mazoezi ni kuondoka kwa kasi. Siku ya kwanza anakimbia kama anafukuzwa, kesho yake magoti yanauma, wiki inayofuata viatu viko chini ya kitanda. Muziki unaopunguza mwendo moyo unapovuka mpaka unamsaidia kweli, kwa sababu unamzuia bila kumuaibisha. Hakuna anayempigia kelele na hakuna anayemwambia amechoka. Wimbo unabadilika, naye anajikuta amepunguza.

Ila angalia vizuri. Katika mfano huo muziki haukuufuata moyo. Umeuongoza. Moyo ulipanda, muziki ukashuka. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na matangazo ya biashara huvichanganya kana kwamba ni kimoja. Kifaa kinachoufuata moyo kikiona mapigo 150 kitakupa mdundo wa 150. Miguu itauitika mdundo huo, mwendo utaongezeka, moyo utapanda tena, na kifaa kitakuongezea. Huko ni kuumwagia moto mafuta. Wanaofanya kazi ya tiba kwa muziki wamejua kwa muda mrefu kwamba unaanza pale alipo mtu, kisha unamhamisha kidogo kidogo kuelekea unapotaka afike. Kulingana naye ni mlango wa kuingilia tu.

Tena si kweli kwamba mwili unatamani mdundo unaolingana na moyo. Karageorghis na wenzake waliwauliza watu wanapendelea kasi gani ya muziki wanapozidi kukaza mazoezi. Mapigo ya moyo yalipanda sana, lakini kasi waliyoitaka ilibaki ndani ya eneo finyu, kati ya midundo 125 na 140 hivi kwa dakika. Moyo ulikwenda juu, sikio likabaki pale pale. Na mazoezi yanapokuwa makali mno, pumzi zinapokata, muziki hauna tena nguvu ya kukusahaulisha uchovu, uwe wa kasi gani.

Mazingira yetu ya mwinuko yanaongeza tatizo ambalo mbunifu wa kifaa aliyezoea miji ya pwani anaweza asilione. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Dar es Salaam akikimbia Njiro kwa kasi ileile aliyoizoea kule, moyo wake utadunda zaidi, kwa sababu hewa ina oksijeni pungufu. Hajaongeza bidii, amebadilisha mahali. Mpeleke mtu huyo Kilimanjaro, kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, moyo utamwenda mbio akiwa ameketi tu anakunywa chai. Kifaa kinachoufuata moyo kitamwekea muziki wa haraka mahali ambapo kila mwongoza watalii na kila mpagazi anamwambia neno moja: pole pole. Wapagazi wanaopanda na mizigo ya hadi kilo 20 wanajua kitu ambacho saa haijakijua, kwamba moyo unaodunda haraka si lazima uwe moyo unaotaka kwenda haraka.

Kuna pia suala la usomaji. Saa ya mkononi haiusikilizi moyo. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kukadiria damu inavyopita. Mkono ukitikisika, mwanga unavurugika, na hutokea saa ikashika mtikisiko wa hatua ikadhani ndio mapigo. Mkimbiaji anayepiga hatua 170 kwa dakika ataonyeshwa moyo wa 170 wakati wa kweli uko 140. Mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo haukosei hivyo, lakini ni wangapi wanaouvaa? Kwa mtu anayesoma namba kwa kujifurahisha, kosa hilo si hoja. Kwa kifaa kinachokuamulia mwendo, ni hoja kubwa.

Na wimbo wenyewe una mapigo mangapi? Programu inaweza kuusoma wimbo wa midundo 90 kama wa 180, au kinyume chake, na zote mbili zikawa sahihi kwa namna yake. Hip hop iliyokuzwa Arusha, ile ya X Plastaz na baadaye Weusi, nyingi yake inacheza kwenye 85 hadi 95. Kwa moyo, huo ni mdundo wa mtu anayetembea. Kwa miguu, ukipiga hatua mbili katika kila mdundo, ni mwendo wa 170 hadi 190, mwendo wa mkimbiaji. Singeli ya Dar inaweza kupita 200, na hakuna moyo wa kuufuata huo. Nyimbo za Kimaasai kwa sehemu kubwa ni sauti za watu bila ngoma, na kifaa kinachotafuta mpigo wa ngoma hakitapata pa kushika, ingawa kila anayeruka pale anajua sawasawa ni lini mguu uguse ardhi. Mdundo unaishi kwenye mwili unaocheza, na sehemu ya mwili inayouitika ni miguu. Muziki unaweza kuupandisha moyo, lakini moyo haudundi mdundo kwa mdundo na ngoma. Mazoezini unapanda na kushuka zaidi kwa sababu ya kazi, hofu, joto na pumzi. Hapo ndipo ninaposimama: mdundo ulingane na hatua, mapigo ya moyo yawe mpaka.

Aliyepita shule ya msingi au JKT ameshaiona kazi hii ikifanywa bila umeme. Katika mchakamchaka kiongozi anatoa mstari, kundi linajibu, naye anavuta pumzi. Mguu unashuka kwenye mdundo. Kundi likichoka, majibu yanapungua nguvu, na kiongozi mwenye masikio anapunguza mwendo kabla mtu hajaanguka. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kinachofanana na hicho: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mazoezi yako ni ya wastani, ukishindwa hata kuongea, ni makali. Kinachopimwa hapo ni pumzi, na pumzi haidanganywi na mtikisiko wa mkono.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Mchakamchaka una mdundo mmoja kwa wote. Kijana wa miaka 20 na mama wa miaka 55 mwenye uzito na magoti mabovu hawana hatua moja. Mama huyo katika kundi atakimbia kwa aibu au ataacha kuja. Eafoni na simu vinampa mdundo wake mwenyewe, na hilo ni jambo la heshima ambalo kundi limeshindwa kumpa. Ningemshauri tu awe na eafoni moja sikioni, sikio la pili liwe la bodaboda, maana barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu.

Kwa wanaoshindana, mjadala unaamuliwa na kanuni. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinahesabu vicheza muziki katika eneo la mashindano kuwa msaada usioruhusiwa. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, akishinda marathoni ya Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, hakuwa na wimbo wa kumsukuma mita za mwisho. Kijana anayeota kufika huko anaweza kuutumia muziki katika mazoezi mepesi, lakini mazoezi magumu ayafanye bila muziki, azijue pumzi zake.

Nimemweka mwisho mtu ninayemhofia zaidi, yule wa presha. Dawa za kundi la beta bloka, kama atenolol na propranolol, zinazuia moyo kupanda kama ambavyo ungepanda bila dawa. Vifaa vingi hukadiria upeo wa moyo kwa kutoa umri kwenye 220, na hesabu hiyo ni ya wastani wa watu wengi, haikumpima yeye. Mzee wa miaka 60 anayetumia dawa hizo anaweza kuwa amechoka kabisa huku saa ikionyesha 100. Kifaa kilichowekewa lengo la 120 kitamwona mvivu na kumwongezea kasi. Kabla ya kuwasha kifaa cha namna hii, aulize kliniki anakohudhuria kama dawa yake ni ya kundi hilo. Ikiwa ndiyo, azime kabisa sehemu ya mapigo, ahesabu mguu wa kulia unavyogusa ardhi kwa sekunde 30 akitembea mwendo wake wa kawaida, azidishe mara 4, na achague nyimbo zenye kasi hiyo au nusu yake. Akiona hawezi tena kumjibu anayemsalimia njiani bila kukatwa pumzi, apunguze, hata kama wimbo unaendelea.