Nadaiwa Upepo

Juzi nimeletewa bili ya maji. Yuniti tatu. Ikabidi nivute kigoda nikae, maana habari nyingine mtu huzisikiliza akiwa ameketi. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tatu ni ndoo 150. Na mimi hapa kwangu mwezi mzima nimekinga ndoo nne na jagi moja, tena lile jagi lilikuwa na tope.

Nikamwita kijana wa mita.

"Mwanangu, haya maji nimeyanywea wapi?"

"Mzee, mita haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nasema imehesabu upepo."

Akacheka. Nikamfungulia koki hapo hapo. Fyuuuuu! Ikatoa hewa ya kutosha kujaza tairi. Yeye mwenyewe akainama kwenye mita, akaona kile kipangaboi kinavyozunguka kama kimerogwa. Akanyamaza. Kisha akasema sentensi ambayo siku hizi imechukua nafasi ya "shauri ya Mungu":

"Mzee, mfumo ndivyo ulivyosoma."

Fundi mmoja mstaafu ndiye aliyenifumbua macho. Bomba likikaa siku nyingi bila maji hujaa hewa. Siku maji yakirudi, yanaisukuma ile hewa mbele, nayo hupanda hadi kwa waliojenga juu. Mita haina pua, haijui kipi maji kipi upepo, kazi yake ni kuzunguka. Ndiyo maana kwenye miinuko hufungwa vali ya kutolea hewa. Ya kwetu? Shimo lake lipo, limejengewa vizuri na mfuniko juu. Ukifunua, kuna chura.

Na mimi ndiye niliyejenga juu. Tangi la mradi wetu wa maji limewekwa kwenye kilima cha pili, na nyumba yangu iko kwenye kilima cha kwanza, kwa hiyo tangi na mimi tunatazamana ana kwa ana kama watu wenye kesi. Maji lazima yakae mita 10 juu yako ndipo yakupe baa moja ya msukumo. Mimi nina mita mbili, labda na robo tangi likijaa. Wa bondeni wanaoga wakiimba. Huku kwangu koki inakohoa.

Lakini nisiwe mnyimi wa fadhila. Siku ya uzinduzi maji yalitoka! Yalitoka kwa kishindo mpaka yakamlowesha mpiga picha. Usiku wake tulisikia gari likiunguruma kilimani, tukadhani ni lori limepotea njia, kumbe ni boza linajaza tangi. Mgeni rasmi akafungua koki, akakinga glasi, akaiinua juu tukapiga makofi, halafu akaishusha taratibu mezani na kunywa ya chupa.

Tangu siku ile sisi ni kijiji chenye maji. Hapo ndipo penye donda. Zamani tulipokuwa hatuna kitu, wageni walikuwa hawaishi: huyu anapima, yule anachora, mwingine anatuuliza mama watoto hutumia muda gani kwenda mtoni na kurudi. Sasa nikienda ofisini kulalamika, karani anafungua daftari, anashusha kidole, anasimama kwenye jina letu. "Nyie mbona mmeshahesabiwa?" Nikimwambia maji hayatoki, ananitazama kama mtu aliyekuja kudai mahari mara ya pili.

Nikaulizia, hivi huko Umoja wa Mataifa wanahesabuje? Nikaambiwa ili maji yako yaitwe salama, masharti ni matatu. La kwanza, yawe nyumbani. Hilo koki yangu imefaulu kwa asilimia mia, haijawahi kwenda popote. La pili, yapatikane unapoyahitaji. Yangu hupatikana saa tisa za usiku, wakati mimi ninachohitaji ni usingizi. La tatu, yasiwe na uchafu. Hapo sasa! Bomba likipungua nguvu huanza kunyonya, na likiwa na ufa linavuta kila kilichoko mtaroni. Bibi yetu alikuwa anagombana na dawa ya klorini, ati maji yananuka hospitali. Siku hizi anaitamani ile harufu.

Na ahadi ni za siku nyingi jamani. Miaka ya 1981 hadi 1990 dunia nzima iliitangaza kuwa muongo wa maji, kila mtu awe ameshapata. Tarehe 28 Julai 2010 wakatangaza kuwa maji safi ni haki ya binadamu. Nikafurahi, nikaenda mtoni na haki yangu kichwani, kilo 20. Sasa tunaambiwa 2030. India nao walianza mpango wao wa kuipa kila kaya ya kijijini koki tarehe 15 Agosti 2019, wakati kaya za vijijini zenye koki zilikuwa kama moja kati ya sita. Wameshapita kaya milioni 150, kazi si mchezo, ila walisema 2024 na sasa wanasema 2028. Wao wamepanga lita 55 kwa mtu kwa siku. Sisi tuko sita, ingekuwa ndoo 16 na nusu kila siku. Hiyo nusu peke yake ningeifanyia sherehe.

Kwa sasa koki nimeifungia mbuzi. Sikatai, ni chuma imara, mbuzi hajawahi kuing'oa.

Jana usiku nikasikia inakohoa. Nikaruka kitandani, nikakanyaga ndoo, ndoo ikampiga mbuzi, mbuzi akaamsha mtaa. Kufika, fyuuuuu, fyuuuuu, tone moja jekundu, halafu fyuuuuu tena. Nikabaki nimeinama na ndoo yangu mkononi nikisubiri, huenda nyuma ya upepo kuna maji.

Mama watoto akafungua dirisha.

"Baba watoto, funga hiyo koki! Unaumaliza upepo, na mwisho wa mwezi ndio huo!"

Nikafunga.