Mama Mkwe Afe Mapema

Arobaini yangu iliisha Jumamosi, Jumatatu yake ikawa zamu ya mtoto kuchanjwa chanjo za wiki ya sita. Siku zote hizo sikuvuka kizingiti cha nyumba ya mama mkwe wangu, hapa Ngamiani, Tanga. Asubuhi maji ya moto ya kukandwa. Baada ya maji, mkaja, kanga imekazwa tumboni hadi nikitaka kucheka naomba ruhusa ya mbavu. Kisha uji wa pilipili manga, bakuli zima, "kunywa mwanangu, maziwa yashuke." Maziwa yalishuka. Kilichogoma kushuka ni hadithi.

Maana mie huandika hadithi fupi. Kulikuwa na shindano, maneno 1,500, mwisho wa kupokea Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na nililijua tangu mimba ina miezi saba. Nikajiambia nitaandika nikiwa ndani, kwani mzazi ana kazi gani zaidi ya kukaa? (Aliyesema hivyo hajawahi kuzaa. Ni mimi.)

Daftari nilikuwa nalo. Siku ya tisa nikaliulizia, nikaambiwa limesaidia kuwashia jiko la maji ya kukandia.

"Nimechana zile zilizokwisha andikwa tu," mama mkwe akanitoa hofu. "Nyeupe nimekuachia."

Kufika siku ya thelathini na nyeupe nazo zilikuwa zimekwenda.

Basi usiku wa kuamkia kliniki, saa tisa, umeme hakuna, mtoto yuko ziwa la kushoto, hadithi ikaja. Yote, mwanzo hadi mwisho. Wiki tano naivizia, inanijia nina mkono mmoja! Ilikuwa ya mke wa karani wa bandari aliyezaa mtoto asiye wa mumewe. Mume wangu ni karani bandarini. Kwa hali niliyokuwa nayo sikuweza kwenda mbali kutafuta wahusika. Pembeni ya mto palikuwa na karatasi moja tu, kadi ya kliniki ya mtoto, na kalamu juu yake. Kalamu aliiweka mama mkwe, ili nesi asije akasema hana. Nikaigeuza kadi nyuma penye nafasi, nikaandika kwa tochi ya simu iliyobakiza asilimia nne:

Mtoto si wa karani. Ni wa mvuvi wa Deep Sea. Pua itanisaliti. Mama mkwe anajua, afe mapema, anachelewesha mambo. Labda uji?

Nikalala dakika ishirini, usingizi mtamu sijapata tena.

Asubuhi tukapanda bajaji. Mama mkwe kavaa buibui la kutokea, mjukuu kampakata mwenyewe, mie nimebeba mkoba. Kliniki benchi limejaa, watoto wana wanja hadi kwenye nyusi. Zamu yetu ikafika, mtoto akaning'inizwa kwenye mizani akitazama watu kama mheshimiwa. Kilo 4.8. Benchi likaguna kwa kuridhika, mama mkwe akajibu mguno kama vile amenyonyesha yeye.

Nesi akachukua kadi, akaandika uzito, akaigeuza nyuma. Akanyamaza.

"Mama, baba wa mtoto anafanya kazi gani?"

"Karani. Bandarini."

Akatazama kadi. Akatazama pua ya mtoto.

"Na huyu mvuvi?"

Naapa nilikuwa nimesahau. Nikauliza kwa moyo mweupe kabisa, "Mvuvi gani?"

Benchi zima likanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa analia akapewa ziwa haraka ili watu wasikie. Nesi, nadhani, alidhani ni maelezo ya mwenzake wa zamu nyingine, na mwandiko wangu wa saa tisa usiku si wa kusomwa kimoyomoyo. Akawa anausoma kwa kuuchambua, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mama... mkwe... anajua... afe... mapema." Akainua kichwa. "Mama mkwe ndiyo nani?"

"Mimi," akasema mama mkwe wangu. "Endelea."

"Labda uji. Halafu kuna alama ya kuuliza."

"Uji napika mimi," akasema mama mkwe, akinitazama.

Nikasema ni hadithi. Hakuna neno linalosikika uongo kama hilo mtu akishasomewa. Nesi akanivuta pembeni, sauti imelegea ghafla, imekuwa ya upole wa kutisha.

"Unalala, mama?"

"Kidogo."

"Huwa unasikia sauti za watu ambao hawapo?"

Mie mtu mkweli, ndiyo shida yangu. "Za wahusika, ndiyo."

Nikaingizwa chumba cha ndani kwa nesi mkubwa. Mama wa watu alikuwa mwema, aliniuliza maswali ambayo kila mzazi angepaswa kuulizwa, ya usingizi, ya kulia ovyo, ya kumpenda mtoto. Mwishoni akasema, haya, kama ni hadithi nisimulie. Nikasimulia. Nilipofika mvuvi anarudi na mkungu wa ndizi, mlangoni palikuwa na vichwa vitano. Huko nje mwanangu akapewa matone yake mdomoni, ya polio na ya kuhara, kisha sindano mbili, moja kila paja. Akapiga ukelele mmoja tu, na maziwa yangu yakajibu palepale. Gauni likalowa hadi kiunoni, ndipo nesi mkubwa akasadiki kwamba mie ni mzima.

Kurudi, mama mkwe hakusema kitu mpaka bajaji ilipoingia Ngamiani.

"Huyo mama mkwe ana miaka mingapi?"

"Sitini, mama."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa afe kwa nini?"

"Kwa sababu anaijua siri."

Akafyonza. "Mwanamke wa Tanga akijua siri ndiyo kwanza anaanza kuishi."

Nikakaa kimya, kwa sababu alikuwa amegusa palepale hadithi ilipokuwa inavuja, na mie sikupaona.

Habari ilimfikia mume wangu bandarini kabla ya chakula cha mchana. Aliporudi hakusema neno, akala, akaoga. Usiku nikamkuta mbele ya kioo, mtoto kamweka begani, anageuza uso kushoto, anageuza wa mtoto kushoto.

"Ile ni hadithi, baba."

"Najua." Akageuza kulia. "Ila huyo mvuvi, ana boti ya mashine au mtumbwi?"

"Mtumbwi."

Akapumua, akazima taa.

Nikaituma Alhamisi usiku, maneno 1,500 kamili, mama mkwe mzima wa afya na ndiye anayeendesha kila kitu. Haikushinda. Wiki ya kumi tukarudi kliniki, nesi ni yule yule. Hakumgusa mtoto, hakugusa mizani. Akachukua kadi, akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena, kama labda nimeandika pembezoni.

"Ina maana," akasema, "yule mvuvi hakurudi?"