Kigeuzi kimoja cha kati au kila jozi na chake?

Wakala wa forodha Mombasa hupokea taarifa za kontena kutoka kampuni ya meli kwa EDIFACT, kiwango cha Umoja wa Mataifa cha kubadilishana data za biashara. Ankara ya mteja huja kwa Excel, na mfumo wa tatu unataka XML. Mafundi hubishana: kila jozi ya miundo ya data ijengewe kigeuzi chake (programu ya kuhamisha data kutoka muundo mmoja kwenda mwingine), au vyote vipitie muundo mmoja wa kati?

Kwa hesabu tupu, wa kati hushinda mapema. Miundo 6 ikigeuzwa moja kwa moja, kwenda na kurudi, vinatakiwa vigeuzi 30. Kupitia kati, 12. Ikiwa 3 ni sare, 6 kwa 6. Ikiwa 2 tu, unajenga 4 badala ya 2.

Hesabu hiyo haioni kinachodondoka njiani. Muundo wa kati kwa kawaida huchorwa kwa kuwatazama wateja wa mwanzo tu. Ukiwa na nafasi ya lakiri moja, kontena lenye lakiri mbili litatoka upande wa pili na moja, na hakuna atakayeshtuka hadi getini. Anayegeuza moja kwa moja huziona zote mbili, maana mbele yake kuna miundo miwili tu.

Lakini matatizo mengi ya kila siku hayajali umechagua upande gani. Chukua ritifaa, alama hii ('): katika EDIFACT ndiyo hufunga mstari, na ikiwa ni sehemu ya neno hutanguliwa na alama ya ?. Anwani ya Ng'ombeni, Kwale, isipoandikwa NG?'OMBENI, mpokeaji huona mstari umekatika kwenye NG, kisha mstari mpya wa ajabu unaoanza na OMBENI. Idadi ya mistari iliyotajwa kwenye UNT, mstari wa kufunga ujumbe, hailingani tena, na ujumbe mzima hurudishwa. (Waliobuni kiwango hicho miaka ya 1980 ni wazi hawakuwa na ng' akilini.)

Excel nayo ina yake. Msimbo wa forodha wa chai, 090240, safu isipowekwa kuwa maandishi hupoteza sifuri ya mbele. Inabaki 90240, na chai yako imehamia sura ya 90 ya orodha ya forodha, kwenye vifaa vya kupimia. Uzito nao: mteja akiandika 24.5 akimaanisha tani, na kigeuzi kikabandika KGM (msimbo wa kilo), kontena zima lina uzito wa mtoto wa shule.

Jibu la CONTRL, ujumbe wa EDIFACT wa kuthibitisha mapokezi, likisema ujumbe umepokelewa, usishangilie. Limekagua sarufi tu. Kilo 24.5 ni sarufi safi kabisa.

Kwa maoni yetu, miundo ikifika 4, jenga wa kati, ila faili asilia lisafiri pamoja na lililogeuzwa, na data isiyo na nafasi iwekewe kapu lake badala ya kutupwa. Kabla ya kutuma, kokotoa tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena (ndiyo huhakiki namba hiyo) na uweke kikomo cha chini cha uzito. Mwenye miundo miwili aunganishe moja kwa moja.